Nukta Kwenye Jicho la Baba

Watu wa kliniki walimwita Tulia, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka tisa amekaa nyuma ya mashine ya kupiga picha za macho, na kutwa nzima neno lake ni moja: "Tulia. Usipepese. Tulia, mama. Tulia, mzee wangu." Mwishowe wagonjwa wakawa wanamwulizia mlangoni, "Dada Tulia yuko?" na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Sasa Jumanne ile mngemwona! Huyo Tulia mwenyewe alikuwa kama kuku anayetaka kutaga. Saa moja asubuhi ilimkuta ameshafuta kioo cha mashine mara tatu, amevuta kiti, amekirudisha, ameanza vikombe viwili vya chai na hajamaliza hata kimoja. Nesi wa mapokezi alimtazama, akacheka.

"Leo wewe ndiye wa kupigwa picha, au?"

"Niache, shoga. Leo zamu ya Baba."

Nesi akaacha kucheka papo hapo. Kliniki nzima ilijua habari za jicho la baba yake.

Baba alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mtaani kwao yalikuwa na herufi zake: kinyozi, fundi viatu, duka la dawa, hata ule ukuta wa shule uliokataza watu kukojoa. Alikuwa anapiga mstari ulionyooka bila rula, huku anapiga domo na mwenye duka, na akimaliza anarudi nyuma hatua tatu na kujisifu mwenyewe bila kusubiri mtu. Lakini hayo yalikuwa zamani. Jicho lake la kulia lilikufa miaka minane iliyopita. Lilikuwa na uvimbe wa ndani, ugonjwa unaofanya jicho liwe jekundu na mwanga uchome kama pilipili, na juu yake mtoto wa jicho. Daktari wa hospitali nyingine alimulika kwa taa yake, akasema uvimbe umekwisha, akapasua. Kumbe haukuwa umekwisha. Kisu kiliuamsha, na siku ya tisa Baba hakuona hata mwanga wa dirisha.

Likabaki la kushoto. Nalo, miaka mitatu nyuma, ugonjwa ule ule ukalivamia. Ukaja, ukaenda, ukarudi, na katika kuja na kuondoka mtoto wa jicho akajijenga humo pia. Sasa Baba alikuwa anaona dunia kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha dirisha la bafu. Alimtambua binti yake kwa mwendo. Brashi hakuwa ameishika kwa mwaka na nusu.

Daktari wa kliniki hii, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikubali kumpasua, ila alitoa sharti.

"Miezi mitatu mfululizo. Kila mwezi picha moja, na kila picha seli za uvimbe ziwe sifuri. Ikionekana hata moja, tunaanza kuhesabu upya. Taa siiamini. Mimi na mwenzangu tunaweza kumulika jicho moja, mimi nikahesabu tano, yeye kumi, na zikiwa chache kabisa sote tukazikosa. Mashine haibishani na mtu."

Mwezi wa kwanza, sifuri. Mwezi wa pili, sifuri. Jumanne hii ilikuwa picha ya tatu, na ikiwa safi Baba angepasuliwa Alhamisi. Isipokuwa safi, basi tena, maana Jumatatu inayofuata Daktari alikuwa anasafiri kwenda masomoni, na kurudi kwake ni baada ya miezi kumi, wala hapakuwa na mwingine aliyethubutu kupasua jicho kama hilo. Ndiyo maana chai ilikuwa haishuki.

Mashine yenyewe si ya kutisha. Inapeleka mwanga ndani ya jicho bila kuligusa, inalikata picha vipande vipande kama mtu anavyokata mkate, na kila kipande kinatokea kwenye kompyuta. Mbele ya jicho, nyuma ya kioo chake, kuna kachumba kadogo kenye maji. Jicho likiwa zima, maji hayo kwenye picha ni meusi tii. Likiwa na uvimbe, seli zinaelea humo, nukta nyeupe nyeupe, kama vumbi unaloliona jua likipenya dirishani. Kazi ya Tulia ni kuzihesabu. Juu ya mashine palikuwa na kibao kidogo alichochora Baba mwenyewe mwaka ile mashine ilipoletwa, herufi nyekundu zenye kivuli: PICHA KWANZA, DAWA BAADAYE. Siku hizi maboksi ya glavu yalikuwa yamerundikwa mbele yake, na lilikuwa linaonekana neno PICHA peke yake.

Nje kwenye ukumbi palikuwa na mabenchi mawili. La karibu na mlango ni la watu wa picha za mbele ya jicho. La pili ni la wazee wa kisukari, ambao hutiwa kwanza dawa ya kupanua mboni ili wachunguzwe nyuma ya jicho. Tulia alimkalisha Baba benchi la kwanza, akamwambia asiondoke hapo. Kumwambia Baba asiondoke ni sawa na kumwambia mbuzi. Alisikia sauti ya kinyozi, mteja wake wa zamani, ikitokea benchi la pili, na kabla binti yake hajafika mwisho wa ukumbi yeye ameshahamia huko, anapiga soga.

Saa mbili Tulia akatoka na chupa ya dawa. Wazee walikuwa wengi, nesi mmoja alikuwa mgonjwa, na kichwa chake yeye kilikuwa Alhamisi. Akaanza kupita kwenye benchi la pili. Tazama juu, tone, funga. Tazama juu, tone, funga. Mkono ulikuwa unajua njia wenyewe. Alipofika wa sita akasikia, "Asante sana, daktari bingwa," kwa sauti ya utani, akacheka kidogo, akaenda kwa wa saba.

Zamu ya Baba ilifika saa tatu kasorobo.

"Kidevu hapa, Baba. Paji la uso hapa."

"Huyu mashine wako ana wivu kama mke mdogo. Ukigeuza jicho kidogo tu, kanuna, anaanza upya."

"Tulia, Baba."

"Tulia wewe kwanza. Mkono wako unatetemeka, mpaka meza naisikia."

Akabonyeza. Picha ikatokea. Ndani ya yale maji meusi palikuwa na nukta. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na nne.

"Vipi, mama?" Baba akauliza.

"Umepepesa."

"Sijapepesa mimi!"

"Umepepesa. Turudie."

Hakuwa amepepesa. Akarudia, zikatokea kumi na moja. Akarudia tena, kumi na tatu. Akaanza kupitia vipande vyote, kimoja kimoja. Katikati ya jicho nukta zilijaa. Pembeni zilipungua. Vipande viwili vya mwisho kabisa havikuwa na kitu.

Sasa hapa mnielewe. Jumanne Daktari hushinda chumba cha upasuaji, haoni mgonjwa mwingine yeyote. Tulia ndiye huchagua kipande kimoja na kumtumia kwenye kompyuta ya huko. "Nichagulie nzuri," Daktari humwambia siku zote, akimaanisha picha isiyotikisika, isiyo na kope wala kivuli. Nzuri haikuwa na maana ya isiyo na ugonjwa. Tulia alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani, alikuwa amewafundisha wengine wawili hilo hilo. Na bado kidole chake kilikaa juu ya kile kipande cheusi cha mwisho, kikakataa kuondoka.

Akajiambia kwamba Alhamisi Daktari atamulika kwa taa kabla ya kisu, kama kuna kitu atakiona. Akajiambia miezi kumi ni mingi kwa mzee. Akajiambia mengi, na yote aliyasema harakaharaka kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Kisha akakituma.

Jibu lilikuja kabla Baba hajashuka kitini. Sifuri. Mwambie mzee Alhamisi saa mbili, aje bila kula.

"Ngapi?" Baba akauliza.

"Sifuri, Baba."

Baba akapiga mkono juu ya meza ya mashine, kitu kisichoruhusiwa kabisa. "Sifuri tatu! Shuleni nilichapwa kwa sifuri moja. Leo ninazo tatu na nitapewa jicho!"

Siku ile haikwenda. Tulia alimpiga picha mama mmoja mara mbili jicho lile lile, akamwita mzee wa watu kwa jina la mgonjwa aliyeondoka. Kila simu ilipolia mapokezi alishtuka. Alikwenda msalani mara sita bila haja yoyote, akawa anasimama tu mbele ya sinki, maji yanamwagika. Ikafika saa tisa akajikuta amefungua tena picha za Baba, anahesabu, kana kwamba zingekuwa zimepungua zenyewe. Kumi na nne. Akafunga haraka, akatazama nyuma.

Nyumbani alimkuta Baba ameketi barazani na kopo lake la brashi. Tangu mama yake Tulia afariki walikuwa wanaishi wawili tu, na kopo lile lilikuwa limekaa juu ya kabati, halijaguswa. Sasa brashi zote zilikuwa zimelowekwa kwenye beseni, naye anazikanda moja moja kwa vidole, anazilaumu kwa ukavu.

"Nimempigia kinyozi," akasema. "Nimemwambia kibao chake kimefifia, aibu yangu si yake. Asimpe mtu mwingine, asubiri mwezi mmoja nije."

"Baba, usiahidi watu mapema."

"Mapema gani tena? Si umeona mwenyewe?" Akakamua brashi, akaigusa kwenye shavu kuisikia ulaini wake. "Unajua, yule daktari wa jicho la kulia sikuwahi kumchukia. Watu walitaka nimchukie. Lakini yeye alisema alichokiona. Taa yake ndiyo iliyomdanganya, si yeye aliyenidanganya mimi. Safari hii nina mashine na nina binti yangu. Naogopa nini?"

Sahani aliyokuwa anamletea chakula ilimponyoka Tulia, ikavunjika. Baba akasema si kitu, ni sahani tu. Yeye akainama kuokota vipande, na alibaki ameinama muda mrefu kuliko vipande vilivyokuwepo. Aliogopa kwamba akiinuka atamtazama usoni.

Jumatano alifika kliniki kabla mlango haujafunguliwa. Daktari alipofika alimkuta amesimama kwenye ngazi, macho mekundu, mkoba ameukumbatia kama mtu anayetaka kusafiri. Ofisini palikuwa na maboksi ya vitabu yaliyofungwa nusu.

"Sema," Daktari akasema. "Usizunguke, unanitia kizunguzungu."

"Ile picha ya Baba ya jana nimeichagua."

"Kila picha unachagua."

"Nimeichagua kwa sababu ilikuwa safi. Nyingine hazikuwa safi."

Daktari akaweka chini kitabu alichokishika. Akaketi, akafungua kompyuta, akazivuta picha zote, akahesabu moja moja. Tulia alisikia feni ya dari inakwaruza.

"Kumi na nne."

"Ndiyo, Daktari."

"Ukanitumia hii."

"Ndiyo."

"Baba yako ana macho mangapi?"

"Moja," Tulia akasema.

"Kesho ningelipasua. Taa yangu kumi na nne ingeziona, hilo nalijua. Lakini zingekuwa mbili? Tatu? Ningezikosa, ningeshika kisu nikijua ninayo picha yako." Hakupaza sauti. Tulia angependa apaze. "Miaka tisa sijawahi kukuuliza mara mbili, Tulia. Miaka tisa."

Akageukia kompyuta tena, kama mtu asiyetaka kuonekana usoni. Akatazama. Kisha akasogea karibu na kioo, akakunja uso.

"Ulimtia dawa ya kupanua saa ngapi?"

"Nani, Baba? Sikumtia. Yeye ni wa picha za mbele."

"Njoo hapa. Acha hizo nukta, umezitazama vya kutosha. Tazama mboni."

Tulia akatazama. Daktari alikuwa ameweka picha ya mwezi uliopita kando ya ile ya jana. Kwenye picha ya zamani ile sehemu ya jicho yenye rangi ilikuwa imenyooka vizuri kama pazia lililofungwa, katikati tundu dogo. Kwenye ya jana pazia lilikuwa limevutwa pembeni, limejikunja, na tundu liko wazi kabisa. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeliona. Yeye hakuliona, maana alikuwa anahesabu nukta.

Ndipo ikamjia yote. Benchi la pili, kinyozi, tone, funga. Asante sana, daktari bingwa.

"Mungu wangu! Ni mimi," akasema. "Nilimtia mimi. Alihamia kwa wazee wa kisukari, nami nilikuwa napita tu. Nimemtia baba yangu kwa mkono wangu bila kumwona!"

Akakaa juu ya boksi la vitabu bila kuambiwa. Yeye ndiye alikuwa akiwaeleza wageni kwa nini picha inatangulia dawa. Lile tone linavuta pazia kwa nguvu, na kwenye jicho lililowahi kuugua pazia humwaga vumbi la rangi yake kwenye maji. Vumbi si ugonjwa. Lakini kwa mashine vumbi ni nukta nyeupe na seli ni nukta nyeupe. Tumaini likamrukia kifuani ghafla mpaka akaona vibaya kulisikia.

"Kwa hiyo inawezekana ni vumbi tu? Inawezekana jicho ni safi?"

"Inawezekana ni vumbi. Inawezekana ni seli. Inawezekana ni vyote viwili. Picha zako za jana zote hazina maana, chafu na hiyo safi yako." Daktari akafunga kompyuta. "Kesho saa moja aje. Hakuna tone. Nitapiga mimi. Na baba yako hatasikia habari hii kwangu. Utamwambia wewe, leo."

Alimwambia jioni ile, pale pale barazani, amesimama kwa sababu alishindwa kukaa. Alianza na tone, akaona anajificha nyuma yake, akarudi akaanza na picha. Baba alikuwa ameshika brashi ya kati, ile ya kuchorea vivuli. Hakutania. Hiyo ndiyo iliyomtisha Tulia, maana Baba alitania hata msibani.

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Ukaniambia sifuri."

"Ndiyo, Baba. Niliogopa miezi kumi. Nilikuonea huruma."

"Mimi?" Baba akazikusanya brashi kwa kupapasa, akazitia kwenye kopo zikiwa bado na maji. "Hukunionea huruma mimi. Ulijionea wewe, usije ukaniona nikisikitika. Nipishe nipite." Akaingia ndani akishika ukuta, akakataa mkono wake, na hakusema naye tena mpaka kulipokucha.

Alhamisi, saa moja, alikaa benchi la kwanza wima kama askari. Nesi alipopita na chupa, akaisikia ikigonga sinia, akaweka viganja vyote viwili usoni.

"Usinisogelee! Mimi ni wa mbele!"

Wazee wa benchi la pili wakacheka. Tulia alikuwa mwisho wa ukumbi, hakujua acheke au alie. Ndani ya chumba cha picha alisimama ukutani kama mgonjwa, mikono hana pa kuiweka. Daktari hakuwa na wepesi wa kazi ile. Alitafuta kitufe, akakosea, akaanza upya, na Tulia aliuma mdomo ili asimwelekeze. Baba kwenye mashine hakutikisika hata kidogo. Pumzi yenyewe aliivuta kwa mgao.

"Nimemaliza, mzee."

"Ngapi?"

"Nimezihesabu. Ngoja nikueleze."

"Niwie radhi, daktari, hicho kioo chako mimi sikioni, kwangu ni ukungu tu. Wewe nakuheshimu. Lakini ahesabu huyu." Akanyoosha kidole ukutani, pale pale alipokuwa Tulia, bila kukosea. "Kwa sauti."

Daktari akainuka, akampisha kiti. Tulia akaketi. Akaanza kipande cha kwanza: maji meusi, mboni ndogo, pazia limenyooka. Cha pili cheusi. Cha tatu, cha nne, cha tano vyeusi. Akaanza kuhisi furaha inampanda kooni. Kwenye cha kumi na moja palikuwa na nukta. Akaifuta kwa kiganja, akiomba iwe uchafu wa kioo. Haikutoka.

"Moja," akasema.

Akaendelea. Kipande cha kumi na tatu.

"Mbili." Na karibu yake, ndogo, ya kujificha, ambayo mtu akitaka kuiruka angeiruka na dunia isijue: "Tatu."

Alikwenda mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo, akahesabu tena. Zikabaki zile zile.

"Tatu, Baba."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Hata mimi ni tatu. Wala si vumbi, halikuingia tone. Jicho bado lina uvimbe, mzee. Leo hatupasui."

Baba aliacha kidevu juu ya mashine kana kwamba hajaruhusiwa kukitoa. Miezi kumi ilipita usoni kwake, mtu aliweza kuiona: kibao cha kinyozi, brashi kwenye kopo, asubuhi zote zile za ukungu. Tulia akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yanadondoka kwenye kibodi.

"Ngapi?" Baba akauliza tena, kwa upole safari hii.

"Tatu."

"Yule daktari wa kwanza angenihesabia hizo tatu, leo ningekuwa na macho mawili." Akavuta pumzi, akanyoosha mkono kwenye ukungu wake akiutafuta wa binti yake. "Haya, nishike. Twende nyumbani, nina njaa, sijala tangu jana kwa ajili yenu."

Dawa zikaongezwa. Daktari akasafiri, na kabla ya kuondoka aliacha agizo: vipande vyote viende kwa daktari atakayemwachia nafasi, hakuna tena kuchagua kimoja. Tulia alilibandika agizo hilo kwa mkono wake, kisha akayatoa maboksi ya glavu mbele ya kile kibao chekundu na kuyapeleka stoo.

Mwezi uliofuata Baba alikuja na ubao kwapani, umefungwa kwa gazeti. Alikuwa ameuchora kwa kupapasa, herufi kubwa kama viatu, mstari umeanzia chini ukapanda mlima, na rangi imechuruzika: BENCHI HILI HALITIWI DAWA. Hakurudi nyuma hatua tatu, hakujisifu. Aliuliza tu kama unasomeka. Nesi akasema unasomeka mpaka barabarani, akautundika juu ya benchi la kwanza, na Baba akakaa chini yake mpaka alipoitwa.

"Kidevu hapa, Baba. Tulia."

"Tulia wewe kwanza."

Tulia akauondoa mkono kwenye kitufe. Akauweka mapajani, akausubiri uache kutetemeka, na ulichukua muda wake. Baba hakumharakisha. Kisha akabonyeza, picha zikaanza kutokea, naye akahesabu kwa sauti.